Mtoto Ambaye Bi Futa Hakuweza Kumwandika

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, na nyinyi wa redio mnaosimama kule nyuma wakati viti vipo hapa mbele, tunaomba mketi na mtulie, kwa sababu historia hii ni ya mtu ambaye hakupenda kukatizwa, na yeyote kati yetu aliyewahi kumkatiza akiwa anaandika anajua alichokipata.

Historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndugu yake wa tumbo moja, na sehemu kubwa ya maneno haya hakuyatunga yeye, aliyatunga marehemu mwenyewe mwezi Machi mwaka jana, kwa mkono wake, kurasa sita, akisema hawezi kulala kaburini kwa raha huku watu wanasomewa sentensi ambazo hakuzipitia. Katika ukurasa wa pili aliacha nusu ukurasa mweupe, na juu yake akaandika kwa penseli kwamba hapa ni pa mdogo wangu, akitaka ajaze, asipotaka mruke msonge mbele. Juzi familia ilikaa kikao, wengine wakasema parukwe, ya ndani yabaki ndani, msiba si mahali pa kufukua mambo, msomaji akawasikiliza wote, na jana alasiri akakaa mezani akapajaza. Tena ieleweke kwamba alikubali kusimama hapa kwa sababu moja, Jumapili iliyopita marehemu alimwuliza swali hospitalini, naye hakumjibu, akamwambia asubiri, na swali hilo lazima lijibiwe leo kabla mwili haujaondoka hapa, basi mvumilieni, tutafika.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la vyombo, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba aliyekuwa fundi saa, mwenye meza yake ndogo kwenye baraza la duka hilo hilo, na mama aliyefua na kupiga pasi nguo za watu. Mdogo wake alimfuata tarehe 2 Novemba 1955, na marehemu ameandika hapa kwamba tangu siku hiyo hakuwahi tena kula kitu kitamu peke yake, jambo ambalo msomaji analikanusha. Ndani ya nyumba zilining'inia saa za wateja, kila moja ikienda kivyake, hata watoto wale wawili wakakua wakijua kwamba ukitaka kujua ni saa ngapi hasa, unamwuliza mama.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959, akajua kusoma kabla ya Pasaka, na kufika darasa la pili alikuwa anaandika barua za majirani wasiojua kuandika, akiwaongezea maneno ambayo hawakuyasema, na barua zikijibiwa vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe 9 Agosti 1961 mama yao alifariki kwa homa ya mapafu, baada ya kuugua siku nne tu, akiacha kikapu cha nguo za watu ambazo hazijapigwa pasi. Kipindi kilichofuata marehemu amekiandika kwa sentensi moja, nayo ni hii, Februari 1962 alihamia kwa shangazi yake, mshona sare za shule, akaendelea na masomo. Baada ya hapo ndipo penye weupe.

Mdogo wake amepajaza hivi. Baba, baada ya mkewe kufariki, alipoteza mikono, yaani mikono ilikuwepo lakini ilitetemeka, saa alizoletewa azitengeneze akawa anazirudisha zimekufa kuliko zilivyokuja, wateja wakapungua, na chakula nacho kikapungua. Shangazi alikuwa na chumba kimoja kilichojaa vitambaa na kitanda kimoja cha kulala, akasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba atamchukua mtoto mmoja, wawili hataweza. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Februari 1962 wote watatu walitoka nyumbani, marehemu akiwa na furushi lake, wakafika kwanza kwenye kituo cha kulelea watoto, chenye ukuta wa matofali na geti la bati la kijani, baba akainama, akamfunga mdogo kamba za viatu, akamwambia atakuja Jumamosi, kisha akaondoka ameshikana mkono na marehemu, na marehemu hakugeuka nyuma.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, mtoto yule alivaa viatu tangu asubuhi na kukaa kwenye ngazi inayotazamana na geti. Zilikuwa Jumamosi mia moja thelathini na tano, baba alikuja mara kumi na moja akiwa na biskuti na hakuja kumchukua, mpaka ile ya mwisho, tarehe 5 Septemba 1964, alipopata kazi ya kulinda ghala na kuja kumrudisha nyumbani. Msomaji anaomba mtu asimhurumie, hakupigwa kule wala hakulala na njaa, walezi walikuwa watu wema, na yeye amezeeka vizuri kama mnavyomwona. Ila kuna mambo yalibaki mwilini bila yeye kujua, alikua, akasoma, akaolewa, mumewe akamnunulia kabati la milango mitatu, na ndani ya kabati lile zilikaa karatasi za mitihani ya wanafunzi, nguo zake zikabaki kwenye sanduku chini ya dirisha, na siku za Jumamosi alivaa viatu tangu anapoamka, hata kama haendi popote. Hapo ndipo nusu ukurasa inapoishia.

Marehemu alimaliza shule ya msingi akiwa kwa shangazi, akishona vifungo vya sare kabla ya kwenda darasani, na alizoea kusema kwamba chuo chake cha kwanza cha uandishi kilikuwa utepe wa kupimia, kwa sababu mtu akipimwa nguo huvuta tumbo ndani, na kila mmoja analivuta kwa namna yake. Mwaka 1967 alijiunga na sekondari ya wasichana, akamaliza 1970 na alama nzuri za lugha na alama za aibu za hesabu, na tarehe 10 Januari 1972 akaajiriwa na kituo cha redio kama karani wa barua, kazi yake ikiwa kufungua bahasha za wasikilizaji, kuzisoma, na kuchagua za kutangazwa.

Alizisoma kwa miaka minne, magunia kwa magunia, na humo ndimo alimogundua jambo lililomtengenezea jina. Aliona kwamba mtu mwenye donda kubwa haliandiki donda lake, anaomba wimbo, anasalimia ukoo mzima, anasifu watangazaji, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, anaomba salamu zimfikie fulani ambaye hajasikika tangu mwaka fulani. Mwaka 1976 aliandika mchezo wake wa kwanza wa redio, wa Jumatano jioni, kuhusu mlinzi mmoja ambaye kila akipewa chakula hula nusu, nyingine akaifunga kwenye gazeti na kuificha, wala katika mchezo mzima hasemi kwa nini, na wasikilizaji walilia bila kuambiwa walie.

Jina la Bi Futa alilipata studio. Mwigizaji mmoja, ambaye yupo hapa leo na amekaa vizuri ametulia kama vile si yeye, aliongeza maneno yake mwenyewe kwenye mchezo, akasema kwa sauti ya kwikwi kwamba yeye aliumizwa sana utotoni ndiyo maana hamwamini mtu, na marehemu akatoa neno moja kutoka nyuma ya kioo, futa. Akawaeleza kwamba aliyeumia hajitangazi, aliyeumia anarudi mara mbili kuhakikisha mlango umefungwa, anacheka kabla ya wengine, anabakiza chakula, anafika stesheni saa tatu kabla ya safari, na ukimwuliza kwa nini, atakwambia ni mazoea tu, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyojua. Tena akawaonya wasidhani donda ndilo mtu, kwamba mlinzi wake alikuwa pia mpenda mpira, mwongo kidogo, na hodari wa kuimba, na kwamba mhusika mwenye huzuni tu kutoka asubuhi mpaka jioni hana tofauti na nguo iliyotundikwa, ina umbo la mtu na haina mtu. Vijana wengi aliowafundisha kuandika wanakumbuka madaftari yao yaliyorudi yamejaa neno hilo, futa, futa, futa, na pembeni swali lake la kila siku, je, mtu huyu anashikaje kikombe?

Jambo jingine alilojulikana nalo ni kuomba ruhusa. Tabia za watu alizichukua kwa watu, hakuficha, lakini kila alipotaka kuitumia tabia ya mtu alimfuata na kumwomba, Nikopeshe hiyo, na kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye hakuwahi kukaa na mgongo wake umeuelekea mlango, alikubali kwa sharti kwamba kinyozi wa kwenye mchezo awe na sura nzuri, sharti ambalo kwa redio halikuwa na gharama yoyote.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na fundi mitambo wa studio, mtu mpole, waliyeanza kujuana kwa ugomvi. Marehemu aliandika kwenye michezo yake kimya cha sekunde sita baada ya maneno mazito, fundi akakikata kikawa cha sekunde mbili, akisema wasikilizaji watadhani redio zao zimeharibika na kuzipiga makofi, wakabishana miezi saba, hadi siku moja mchezo ukaenda hewani ukiwa na kimya cha sekunde sita kamili, na marehemu akaelewa kwamba ameposwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza wa kike aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1979, ambaye ni mfamasia, na wa pili wa kiume aliyezaliwa tarehe 18 Februari 1983, ambaye ni seremala, na kupitia kwao amepata wajukuu watano. Mumewe alitangulia mbele ya haki tarehe 6 Julai 2011. Kila aliyekula nyumbani kwao anakumbuka kwamba marehemu hakujipakulia kwanza hata siku moja, chai ikimiminwa na kuulizwa nani apewe, alikuwa wa mwisho kuitika, kwenye foleni alipisha watu mpaka mumewe akakasirika, na sote tulimsifu kuwa ni mnyenyekevu.

Sasa tunafika mwaka 1989, ambao marehemu ameuandika kwa ukweli na hakujipendelea. Jumatano tarehe 11 Oktoba 1989 ulirushwa mchezo wake ulioitwa Mpangaji wa Chumba cha Tatu, unaomhusu karani wa posta aliyeishi kwenye chumba cha kupanga miaka kumi bila kutundika nguo yake hata moja, nguo zote zikikaa kwenye sanduku, na siku za Jumamosi alivaa viatu tangu asubuhi huku akisema hana safari. Nyumbani kwa mdogo wake walikuwa mezani wakisikiliza. Mume, ambaye ni fundi friji na si mtu wa kushtuka, aliweka kijiko chini, akalitazama sanduku lililokuwa chini ya dirisha, akamtazama mkewe, akamwuliza kwa upole, Kumbe ndiyo sababu? Na mke, ambaye siku zote alijua ni mazoea tu, alisikia sababu yake kwa mara ya kwanza kutoka redioni, pamoja na nchi nzima, na kesho yake walimu wenzake wakawa wanamcheka yule mama wa sanduku mbele yake bila kujua wanamcheka nani.

Marehemu, aliyemfuata kinyozi mpaka kibandani kwake kumwomba tabia, hakumwomba ndugu yake wa damu. Ameandika hapa kwamba alidhani cha ndugu ni chake, na kwamba hilo ndilo kosa kubwa alilowahi kulifanya kwa kalamu. Mdogo alimwandikia barua ya mstari mmoja, Umeniandika bila kuniuliza, usinitafute, na kwa muda wa miaka kumi, miezi kumi na siku kumi na tano hawakusemezana, hata kwenye msiba wa shangazi mwaka 1994 walikaa ncha mbili za benchi moja, salamu zikipitia kwa watoto, na watoto wakizitia sukari njiani.

Jumamosi tarehe 26 Agosti 2000, msomaji akiwa anafundisha masomo ya ziada, mada ikiwa hesabu za sehemu, mlango wa darasa ulifunguliwa, marehemu akaingia, akaenda moja kwa moja kukaa benchi la nyuma kati ya wanafunzi, mkoba mapajani, na wanafunzi wakaanza kucheka chini chini. Mwalimu hakutaka kushindwa, akamwita ubaoni akokotoe tatu juu ya nne kutoa mbili juu ya tatu, marehemu akafikiri kwa makini, akaandika jibu ni moja, akarudi kukaa, na darasa zima likamwona mwalimu wao, kwa mara ya kwanza mwaka ule, anageukia dirisha ili asionekane akicheka.

Wanafunzi walipotoka, alisema alichokuja kusema, na familia imeridhia kisemwe hapa kwa kuwa yeye mwenyewe amekiandika ukurasa wa nne. Alisema kwamba asubuhi ile ya mwaka 1962, kabla hawajatoka nyumbani, baba alimwita nyuma ya duka, akamwambia shangazi yako anamchukua mmoja, nani aende, naye akajibu, Mimi. Halafu, kwa kuogopa baba asije akabadilisha mawazo, akaongeza kwamba mdogo wake bado anakojoa kitandani, na shangazi ana kitanda kimoja. Ulikuwa uongo. Msomaji anakiri kwamba katika yote aliyoyasikia siku ile, lililomkasirisha zaidi ni hilo la kitanda, kwa sababu alikuwa ameacha mwaka mzima kabla ya hapo, akamwambia dada yake atoke, na dada akatoka.

Jumamosi iliyofuata akarudi, akakaa benchi lile lile, na ya tatu, na ya nne, na hiyo ya nne akaja na mfuko wa madaftari. Kumbe tangu mwaka 1978 alikuwa anajaribu kumwandika mtoto aliyesema mimi. Alimwandika mara sita, katika michezo sita, mara ya kwanza akakua akawa mama wa kambo mkatili, mara nyingine akachukuliwa na mafuriko, mara nyingine akakua akajenga hospitali kwa ajili ya mayatima, na kila mara barua zilikuja zikisema jambo moja, huyu binti hatumwamini. Bi Futa, ambaye wahusika wake wengine wote waliaminika, mlinzi, kinyozi, karani wa posta, mtoto huyu mmoja alimshinda, na barua zile alikuwa amezitunza zote, karani wa barua hatupi barua. Siku hiyo aliahidi kwamba maisha ya mdogo wake hatayagusa tena bila ruhusa, atamfuata yule aliyeondoka tu, safari hii katika kitabu, na akaomba jambo moja, mdogo wake amsomee.

Basi kwa miaka ishirini na miwili, karibu kila Jumamosi, msomaji alisoma sura za kitabu hicho akiwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia mitihani. Walibishana kama watoto. Marehemu alitaka mtoto yule aadhibiwe, afiwe na paka wake, aungue na pasi, apate mume mbaya, na mwalimu akawa anaandika pembeni mwa ukurasa, Miaka tisa, ukurasa unaofuata, Miaka tisa!, mpaka siku moja akamwambia waziwazi kwamba unataka sisi tumchukie ili wewe upumue, mtoto wa miaka tisa hapigi hesabu ya dhambi, anapiga hesabu ya kitanda. Marehemu alikasirika, akafunga madaftari, akaenda zake, na baada ya wiki mbili akarudi bila kutaja kitu, na yule paka akiwa hai.

Mwaka 2019, mwezi Aprili, wakiwa jikoni kwa marehemu, mjukuu akiuliza nani anataka chai, wote waliitika, mimi, mimi, isipokuwa marehemu, na msomaji akamtazama dada yake aliyekuwa anawapisha wengine kama alivyowapisha maisha yake yote, akaliona jambo ambalo ukoo mzima haukuliona. Alikumbuka kuomba kwanza. Alisema, Dada, naruhusiwa kukwambia kitu chako? Marehemu akasema ndiyo, naye akamwambia kwamba tangu siku ile nyuma ya duka hujawahi tena kusema mimi. Marehemu alikaa kimya, na kama mumewe fundi angekuwepo angekipima kile kimya na kukiacha kama kilivyo. Kisha akaomba chai, akanywa, akalia, akachukua daftari, na kuanzia siku hiyo mtoto wa kwenye kitabu akaanza kutembea kwa miguu yake mwenyewe, hakuadhibiwa na mtu, hakujenga hospitali, aliishi kwa shangazi akishona vifungo, akicheka, akidanganya kidogo, akipenda nyimbo, na akisubiri kila mtu apakuliwe.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Juni 2021. Daktari wake alisema ugonjwa uligunduliwa kwa kuchelewa, na sababu yake tumekuja kuijua kwa muuguzi wa mapokezi, ambaye alisimulia kwamba mwanzoni mama huyu alikuja kliniki mara tatu, na mara zote tatu aliwapisha wagonjwa wengine mpaka muda wa daktari ukaisha, akarudi nyumbani. Aligombezwa, akatii, na alisafishwa damu mara mbili kwa wiki kuanzia Oktoba 2021, akiandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa kwenye mashine. Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Aprili mwaka huu, akalazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Jumapili tarehe 7 Mei 2023 alimkabidhi mdogo wake sura ya mwisho, kurasa kumi na saba, ambayo ni asubuhi ile, nyuma ya duka, baba anauliza, mtoto anajibu, na uongo wa kitanda umo. Alikuwa ameiandika mara kumi na nne. Akamwuliza, Huyu mtoto sasa unamwamini? Swali ndilo hilo. Mdogo wake, ambaye hakuwahi kusahihisha karatasi mbele ya mwanafunzi, alitia kurasa mkobani, akamwambia, Nipe mpaka Jumamosi, na marehemu akacheka, akasema mwalimu hana haraka. Siku ya Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono, marehemu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, mwezi mmoja na siku ishirini na tano.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, na kwa namna ya pekee yule muuguzi wa mapokezi ambaye baada ya kumjua alikuwa anamwita wa kwanza kwa sauti ya kutisha ili asipate nafasi ya kumpisha mtu. Tunawashukuru majirani mliopika, mliofagia, mliolala sakafuni kwetu siku hizi nne, na kinyozi wa mtaani, ambaye amewanyoa wanaume wote wa msiba huu na amekataa hata asante. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa redio, mliotangaza msiba kisha mkaweka kimya cha sekunde sita, tulikisikia, na hakuna aliyeipiga redio makofi. Kwa wale ambao hatukuwataja, mtuwie radhi, shukrani zenu tunazo moyoni.

Mwisho, wapendwa, msomaji anaomba mmruhusu aache kusoma, aseme na dada yake.

Dada, leo ni Jumamosi, na mimi nimekuja. Miaka yote hii nilikusahihishia vituo na mikato, nikakwambia mtoto yule asionewe, na hata siku moja sikukwambia mimi mwenyewe ninamwonaje, kwa sababu nilipenda kukuona unarudi kuniuliza, Mungu anisamehe. Nimesoma kurasa zote kumi na saba, Jumatatu usiku nikiwa peke yangu, na tena jana, na kalamu nyekundu haikugusa karatasi. Nimepiga na hesabu, asubuhi ile ulikuwa na miaka tisa, miezi kumi na siku ishirini, na kitanda kilikuwa kimoja. Kama baba angeniita mimi nyuma ya duka, ningesema mimi, ningesema haraka kuliko wewe, na wewe ndiye ungebaki getini.

Namwamini, dada. Nilikuwa nikwambie Jumanne hiyo hiyo, nikajivunga, nikasema mwalimu hana haraka. Namwamini kabisa, simdai neno lolote, na nampenda.

Pumzika sasa, mtoto wa mama, pumzika kwa amani.